Anayegundua Kufuli Bovu Si Mwizi

Tarehe 18 Julai 2008, katika mji wa Arnhem mashariki mwa Uholanzi, jaji alitoa uamuzi ambao kila anayebeba kadi ya kufungulia mlango, rimoti ya gari au simu ya mkononi ana sababu ya kuufahamu. Aliyefungua kesi alikuwa NXP, kampuni kubwa ya chipu iliyozaliwa ndani ya Philips. Aliyeshtakiwa alikuwa Chuo Kikuu cha Radboud cha mji jirani wa Nijmegen. Kampuni iliiomba mahakama izuie makala moja ya kitaalamu isichapishwe, kwa kuwa makala hiyo ilieleza jinsi chipu yake iliyosambaa dunia nzima inavyoweza kuvunjwa.

Jaji alikataa. Alisema kutangaza matokeo ya utafiti ni sehemu ya uhuru wa kujieleza unaolindwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Akaongeza kwamba kama kampuni itapata hasara, chanzo chake kitakuwa ni kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro, wala si makala inayoieleza kasoro hiyo.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Yaliyotokea tangu wakati huo, kuanzia magari ya Ulaya, redio za polisi hadi milango ya hoteli, yanaonyesha kwamba pale mtafiti anapozibwa mdomo, anayebaki gizani ni mwananchi peke yake. Mwizi huwa na njia zake.

Chipu iliyozua kesi inaitwa MIFARE Classic. Ilianza kuuzwa mwaka 1994, na kufikia mwaka wa kesi kadi za familia hiyo zilizokwisha kuuzwa zilikuwa zimepita bilioni 1. Ilikuwa ndani ya kadi ya Oyster ya London, ndani ya CharlieCard ya Boston, na ndani ya OV-chipkaart, kadi ambayo Uholanzi ilikuwa inaiandaa kwa mabasi, treni na tramu za nchi nzima. Ilikuwa pia ikifungua milango ya ofisi zisizohesabika, zikiwemo za serikali ya Uholanzi yenyewe.

Kadi ya aina hii haina betri. Ikisogezwa karibu na mashine ya kusomea hupata umeme wake kutoka kwenye mawimbi ya redio ya megahezi 13.56 yanayotolewa na mashine hiyo. Hapo mazungumzo yanaanza. Kadi hutuma namba nasibu, mashine hujibu kwa hesabu inayotumia ufunguo wa siri, kadi hulikagua jibu hilo kisha nayo hutoa la kwake. Ufunguo wenyewe hautamkwi hewani hata mara moja. Mtu aliyejibanza pembeni na antena husikia tarakimu zinazobadilika kila safari, na kama hesabu ni ngumu na namba kweli hazitabiriki, anaondoka mikono mitupu.

Sharti ni hilo: hesabu iwe ngumu na namba zisitabirike. MIFARE Classic ilishindwa kotekote.

Hesabu yake iliitwa CRYPTO1, na mtengenezaji aliifanya siri. Desemba 2007, kwenye mkutano wa Chaos Communication Congress mjini Berlin, Karsten Nohl, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Virginia, alieleza pamoja na wenzake wawili jinsi walivyoifikia siri hiyo bila kuiba karatasi ya mtu. Waliyeyusha plastiki ya kadi kwa asetoni, dawa ile ile ya kufutia rangi ya kucha, mpaka ikabaki chipu tupu. Wakaisugua tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likapigwa picha kwa darubini. Picha zilionyesha maelfu ya sakiti ndogondogo zilizojirudia katika maumbo yapatayo 70. Wakaifundisha kompyuta kuyatambua maumbo hayo, kisha wakafuata njia za umeme hatua kwa hatua hadi kwenye sehemu inayofanya hesabu ya siri.

Walichokuta kilikuwa dhaifu. Ufunguo ulikuwa wa biti 48 tu. Namba nasibu nayo ilitoka kwenye rejista ya biti 16, kwa hiyo haikuweza kuzidi aina 65,535, tena zilizokuja kwa mpangilio ule ule kila chipu ilipopata umeme, na mzunguko mzima ukaisha kwa takribani sekunde 0.6. Yeyote aliyeweza kuiwasha kadi na kupima muda kwa usahihi aliweza kuilazimisha itoe namba aliyoitaka. Kilichoitwa bahati nasibu kilikuwa saa inayozunguka.

Miezi michache baadaye kundi la Nijmegen, likiwa na watafiti kama Flavio Garcia, Roel Verdult na Profesa Bart Jacobs, lilikamilisha kazi. Hawa walisikiliza mazungumzo ya kadi na mashine, wakafumbua hesabu yote, wakaonyesha kwamba kadi ya mlangoni inaweza kunakiliwa. Kabla ya kuitangaza habari hiyo waliijulisha serikali na kampuni. Tarehe 12 Machi 2008 Waziri wa Mambo ya Ndani, Guusje ter Horst, aliliandikia bunge, na majengo ya serikali yakaongezewa ulinzi. Makala yenyewe ilipangwa kutoka Oktoba kwenye mkutano wa kitaalamu mjini Málaga, Hispania. Kampuni ilikuwa na miezi saba ya kuwaonya wateja wake na kuwahamishia kwenye chipu bora. Ikaenda mahakamani.

Haikuwa peke yake. Agosti mwaka huo huo mamlaka ya usafiri ya Boston ilipata amri ya muda ya mahakama ya kuwazuia wanafunzi watatu wa MIT wasieleze udhaifu wa tiketi na kadi zake kwenye mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas. Amri iliondolewa siku kumi baadaye, na wakati huo slaidi zao zilikuwa zimeshasambaa. Mamlaka ilikuwa imeitangaza kazi ya wanafunzi wale kuliko wao wenyewe ambavyo wangeweza.

Hoja ya kampuni katika kesi za namna hii ni rahisi kuielewa: ukimweleza kila mtu jinsi kufuli linavyovunjwa, umewapa wezi somo la bure. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba wezi hawajui. Mwaka 1883 mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi, Auguste Kerckhoffs, aliandika katika jarida la kijeshi la Paris kwamba mfumo wa maandishi ya siri unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachopaswa kufichwa ni ufunguo peke yake. Anayetegemea mtambo usijulikane ni kama mwenye nyumba anayeacha ufunguo juu ya fremu ya mlango na kuamini kwamba hakuna atakayepapasa hapo. Mtambo ukishauzwa mara bilioni moja, adui anaununua dukani.

Kilichotokea Uingereza kinaeleza hatari ya kumziba mtafiti mdomo vizuri kuliko nadharia yoyote. Garcia, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Verdult na mwenzao Barış Ege walichunguza Megamos Crypto, chipu iliyomo ndani ya ufunguo wa gari. Kazi yake ni kuzungumza na gari kwa redio na kulizuia lisiwake bila ufunguo halali. Ilitumika kwenye magari ya Volkswagen, Audi, Porsche na chapa nyingine nyingi. Watafiti walimjulisha mtengenezaji wa chipu mwezi Novemba 2012, wakapanga kuchapisha Agosti 2013. Volkswagen ilikwenda Mahakama Kuu ya London, na mwezi Juni 2013 ikapata amri ya kuwazuia.

Sababu kuu ya amri hiyo ilikuwa kwamba watafiti walikuwa wameipata hesabu ya siri ndani ya programu iliyokuwa ikiuzwa mtandaoni tangu mwaka 2009, programu ambayo huenda watengenezaji wake hawakuipata hesabu hiyo kwa njia halali. Msomaji atafakari maana yake. Mwenye fedha na nia mbaya alikuwa na miaka minne ya kuinunua. Waliozuiwa walikuwa watu pekee waliotaka kumwambia mwenye gari. Makala ilitoka Agosti 2015, ikiwa imechelewa miaka miwili, na tofauti kati ya ilichotaka kusema na ilichoruhusiwa kusema ilikuwa sentensi moja iliyoondolewa.

Watafiti wale wale, uchunguzi wa aina ile ile, mahakama mbili. Uholanzi iliufungua mjadala na wasafirishaji wakalazimika kutafuta chipu mpya. London yenyewe ilianza kutoa kadi za Oyster zenye chipu imara zaidi mwishoni mwa 2009. Uingereza iliufunga mjadala wa magari, na hakuna mwenye gari aliyelala salama zaidi kwa sababu hiyo. Mwaka 2016 timu ya Garcia ilionyesha tena kwamba rimoti za magari ya kundi la Volkswagen yaliyotengenezwa tangu 1995, yanayokaribia milioni 100, zilitegemea funguo kuu chache zilizofanana kwa mamilioni ya magari. Mtu akisikia rimoti ikibonyezwa mara moja akiwa na kifaa cha bei ndogo, aliweza kutengeneza nakala yake. Kosa hilo lilidumu miaka 20 ndani ya siri.

Redio za polisi zina kisa chao. TETRA ni mfumo wa mawasiliano ulioandaliwa na taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, mwaka 1995, na hutumiwa na polisi, zimamoto, viwanja vya ndege na mitambo ya umeme katika nchi nyingi. Hesabu zake za usimbaji fiche zilifichwa kwa zaidi ya robo karne. Aliyetaka kuziona alitia saini mkataba wa kunyamaza. Kampuni ndogo ya Uholanzi, Midnight Blue, ilizifumbua na mwaka 2023 ikatangaza ilichokuta. Moja kati ya hizo, iitwayo TEA1, hujitangaza kuwa na ufunguo wa biti 80, lakini ndani yake kuna hatua inayoupunguza hadi biti 32. Kompyuta ya kawaida ya mezani inajaribu funguo zote za biti 32 kwa muda usiofika dakika moja.

Waliouziwa redio hizo hawakuambiwa. ETSI ilijitetea kwamba nguvu ya TEA1 ilipangwa kufuata masharti ya kuuza bidhaa nje ya nchi, maelezo yanayozidi kuumiza: walioathirika zaidi ni wateja wa nchi ambazo hazikuhesabiwa kustahili usimbaji imara. Watafiti walikuwa wamewaarifu wahusika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutangaza. Novemba 2023 ETSI yenyewe iliamua kuzichapisha hesabu hizo hadharani. Jambo lililokatazwa kwa miaka 28 liligeuka sera ya taasisi miezi minne tu baada ya kashfa.

Na MIFARE Classic je? Bado ipo. Machi 2024 kundi la watafiti wakiwemo Ian Carroll na Lennert Wouters wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji walitangaza udhaifu katika makufuli ya hoteli ya Saflok, yanayotengenezwa na dormakaba. Makufuli hayo yapo kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Aliyekuwa na kadi moja tu ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda wake, aliweza kutengeneza kadi mbili: ya kwanza inabadilisha taarifa ndani ya kufuli, ya pili inafungua mlango. Kadi nyingi za makufuli hayo zilikuwa MIFARE Classic, miaka 16 baada ya Nijmegen. Agosti mwaka huo huo Philippe Teuwen wa kampuni ya Quarkslab aligundua kwamba kadi mpya za kampuni ya Shanghai Fudan Microelectronics, zilizotolewa mwaka 2020 kwa kuiga MIFARE Classic na kudaiwa kuwa zimezibwa matundu ya zamani, zilikuwa na ufunguo mmoja wa mlango wa nyuma unaofanya kazi kwenye kadi zote za toleo hilo.

Kisa cha Saflok kinaonyesha pia kwamba watafiti si watu wa kurusha moto na kukimbia. Walimweleza mtengenezaji mwezi Septemba 2022, wakasubiri mwaka mmoja na nusu, na walipotangaza waliacha kutoa maelezo kamili kwa kuwa ni asilimia 36 tu ya makufuli yaliyokuwa yamerekebishwa. Fundi lazima afike kwenye kila mlango, na hoteli nyingi zilikuwa hazijamwita. Kama tangazo lisingekuja, zingemwita lini?

Ndiyo maana hoja ya kuwapa wezi somo la bure inajibiwa kwa utaratibu, na utaratibu upo. Januari 2013 kituo cha usalama wa mtandao cha serikali ya Uholanzi kilitoa mwongozo: mtafiti amwarifu mwenye mfumo kwanza, asichukue wala kuharibu data zaidi ya inayohitajika kuthibitisha tatizo, na mwenye mfumo apewe muda wa kurekebisha, kwa kawaida siku 60 kwa programu na miezi 6 kwa vifaa. Mei 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani, nchi isiyosifika kwa upole kwa wadukuzi, iliwaagiza waendesha mashtaka wake wasiwashtaki wanaochunguza usalama kwa nia njema. Nchi hizi hazikufika hapo kwa huruma. Zilifika baada ya kuona kwamba mwenye kasoro hairekebishi mpaka ajue kwamba kuna siku itatangazwa.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulitazama jambo hili kwa haraka, kwa sababu fedha za watu wake hupita hewani kuliko karibu kokote duniani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Mamilioni ya watumiaji wana simu za vitochi zinazotegemea mtandao wa kizazi cha pili, GSM. Mtu wa Tanga anapopiga *150*00# na kuandika namba yake ya siri, menyu hiyo ya USSD haina usimbaji wake wenyewe. Safari kutoka simu hadi mnara hulindwa na usimbaji wa mtandao wa simu na basi.

Usimbaji wa GSM una historia inayofahamika. A5/1, hesabu yake mashuhuri, ilibuniwa mwaka 1987 na kufichwa. Mwaka 1999 wanasayansi waliifumbua yote, na Desemba 2009 Nohl, yule yule wa kadi, alionyesha Berlin kwamba majedwali yaliyoandaliwa mapema yenye ukubwa wa terabaiti chache yanatosha kupata ufunguo wa mazungumzo. Tena kwenye GSM simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Mwenye mnara bandia mdogo unaoingia ndani ya begi anaweza kuzivuta simu za jirani na kuziamuru zizungumze bila usimbaji wowote. Kizazi cha tatu kilirekebisha hilo, na simu za Android kuanzia toleo la 12 zinaweza kumruhusu mtumiaji kuzima 2G. Mwenye kitochi hana kitufe hicho. Anayeweza kumlinda ni kampuni ya simu, kwa kukubali mifumo yake ichunguzwe, na mdhibiti wa mawasiliano anayeweza kuishurutisha ikubali.

Nani atachunguza? Vijana wenye uwezo huo wapo, kuanzia Chuo Kikuu cha Dodoma hadi JKUAT ya Kenya. Redio ya kompyuta ya kusikilizia masafa ya GSM inagharimu pungufu ya simu janja ya bei ya kati. Kinachowarudisha nyuma ni hofu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Ya Kenya ya mwaka 2018 inafika faini ya shilingi milioni 5 za Kenya au kifungo cha miaka mitatu. Adhabu hizo zinamfaa anayeiba fedha za wajane kwenye simu. Hazimfai mwanafunzi aliyenunua kadi ya geti kwa fedha yake, akaichunguza mezani kwake, akagundua kwamba inanakilika, akaandika barua kwa mwenye geti. Leo mwanafunzi huyo akiomba ushauri, mwalimu mwenye busara atamwambia anyamaze. Siku mwizi atakapoligundua jambo lile lile, hatamwandikia mtu barua.

Bunge la Tanzania na lile la Kenya yanaweza kuondoa hofu hiyo kwa kifungu kimoja kinachomtenganisha mtafiti na mhalifu kwa vipimo vinavyopimika mahakamani: kwamba alichunguza kifaa chake au kwa kiasi kidogo kabisa kilichohitajika, hakujinufaisha, alimwarifu mwenye mfumo kwa maandishi, na alimpa muda uliotajwa kisheria kabla ya kutangaza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na mwenzake wa Kenya nazo zinaweza kuwa na dawati la kupokea taarifa hizo, ili mwanafunzi asilazimike kubisha hodi kwa mwanasheria wa kampuni aliyoikosoa. Kampuni za simu, benki na wenye magati hawahitaji kusubiri sheria. Wanaweza kuweka anwani ya kupokea ripoti kwenye tovuti zao wiki hii, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba anayefuata masharti hayo hatashtakiwa.